Mbio za Ridhaa: Mwongozo Kamili kwa Mkimbiaji Asiyetarajia Kushinda

Tuanze na hesabu. Mbio zikiwa na watu 300, mshindi ni mmoja. Weka wa pili na wa tatu, tenganisha wanaume na wanawake, ongeza na makundi ya umri, bado watakaorudi nyumbani mikono mitupu ni zaidi ya 250. Hao wote waliamka alfajiri, wakatoka jasho mbele za watu, na hakuna aliyewatangaza kwenye kipaza sauti. Cha ajabu, mbio zikiitishwa tena utawakuta walewale mstarini, wamejifunga namba kifuani, wanachekana.

Mimi ni mmoja wa hao 250. Sijawahi kupanda jukwaani na sidhani kama nitapanda. Ninachojua ni kwamba mavuno yapo, ila hayamfuati mtu. Nimeona wakimbiaji wazuri wakimaliza mbio nzuri na kuondoka wamenuna, na nimeona mtu wa tano kutoka mwisho akilia kwa furaha. Tofauti yao ilianza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Mbio za ridhaa zinakupa vitu vitatu ambavyo mazoezi ya peke yako hayakupi: tarehe, kipimo na watu. Kila kimoja kina namna yake ya kuchumwa, na ndiyo kazi ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Andika unachokifuata

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza na "Nakimbia ili…" Usiandike "niwe na afya." Afya ni neno pana mno. Halitakuamsha saa 11 alfajiri, na hakuna mbio moja itakayokuambia kwamba sasa umeipata. Andika jambo ambalo siku ya mbio ikiisha utaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana: nimalize kilomita 5 bila kutembea, nipunguze dakika 2 kwenye muda wangu wa mwaka jana, nikimbie bega kwa bega na binti yangu mwanzo hadi mwisho, nirudi mstarini baada ya goti kupona.

Chini yake andika lengo la pili lililo dogo zaidi, halafu la tatu dogo kabisa. La kwanza ni la siku iliyokunyookea, la pili ni la siku ya kawaida, la tatu ni la siku ambayo tumbo limevurugika, jua kali na miguu haikusikilizi. Hilo la mwisho linaweza kuwa "nimalize nikiwa mzima", basi. Mtu mwenye lengo moja tu, likimponyoka kilomita ya tatu hana tena sababu ya kuzimaliza mbili zilizobaki. Mwenye malengo matatu hushuka ngazi moja akaendelea na safari.

Lipo lengo ninalokuonya nalo: kumshinda fulani. Huna mamlaka juu ya mazoezi ya fulani, wala usingizi wake, wala kama atatokea. Asipokuja, mbio zako zimekufa kabla ya kuanza. Najua utamu wake, nimeuonja: kumpita mtu unayemfahamu katika mita 100 za mwisho ni raha isiyo na mfano. Lakini kiwe kiungo mchuzini, kisiwe chakula chenyewe.

Hatua ya 2: Chagua mbio zinazokufaa

Kwa mara ya kwanza chagua kilomita 5. Wengi hupenda kuruka moja kwa moja kwenye nusu marathoni, kilomita 21.1, au marathoni yenyewe, kilomita 42.195, kwa kuwa ndiyo majina makubwa. Umbali mrefu una zawadi zake, lakini unalipisha mapema: miezi ya maandalizi, majeraha, na uchovu unaoweza kumfanya mtu asikimbie tena. Kilomita 5 unaweza kuzirudia baada ya wiki tatu au nne ukajipima upya. Huko kurudia ndiko kunakozaa matunda, kama utakavyoona.

Usidharau mbio ndogo. Marathoni ya Boston, iliyo kongwe kuliko zote zinazofanyika kila mwaka, ilianza mwaka 1897 na wakimbiaji 15 tu, wakamaliza 10. Katika mbio za watu 80 mwamuzi anakuona, msafishaji wa barabara anakupigia makofi, na jina lako unalipata kwenye matokeo bila kulitafuta kurasa tatu. Kwenye mbio za maelfu kuna shamrashamra, ila dakika kumi za kwanza unaweza kuzimaliza ukiwa umebanwa kama uko kwenye basi.

Kabla ya kujiandikisha, uliza mambo manne. Njia imepimwa, au imekadiriwa? Kama unatafuta kipimo, hili ni la kwanza. Njia zilizopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Kuna muda wa mwisho wa kumaliza? Kama njia inafungwa baada ya dakika 45 na wewe unahitaji 50, tafuta nyingine. Kuna milima? Na maji yako wapi?

La tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Chagua mbio zilizo wiki 8 hadi 10 mbele. Zikiwa karibu zaidi utajilazimisha mwili usiokuwa tayari, na zikiwa mbali mno utasema bado mapema hadi utakapostukia wiki ya mwisho. Jiandikishe leo, kisha mwambie mtu mmoja ambaye atakuuliza. Hii ndiyo zawadi ya kwanza, na unaanza kuila kabla hujakimbia hata mita moja. Zoezi lisilo na tarehe hushindana na kila kisingizio duniani, likashindwa. Lenye tarehe lina mdai.

Hatua ya 3: Jifue, lakini polepole

Kama una ugonjwa wa moyo, presha au kisukari, au miaka mingi imepita bila mwili wako kushughulishwa, muone daktari kwanza. Hilo halina mjadala.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, nne ni anasa. Anayeanza sifuri aanze hivi: kimbia dakika 2, tembea dakika 1, rudia mara kumi. Hiyo ni nusu saa. Kila wiki ongeza dakika za kukimbia na upunguze za kutembea, ili ifikapo wiki ya sita uweze kukimbia dakika 30 mfululizo. Siku moja ya mwisho wa wiki iwe ndefu kidogo kuliko nyingine, ikue taratibu kutoka dakika 30 hadi 50 hivi, hata kama sehemu yake unatembea. Kuanzia wiki ya nne, mara moja kwa wiki, ukishapasha mwili moto, kimbia kwa wepesi sekunde 20 mara sita, ukipumzika vya kutosha kila baada ya moja. Usikimbie kama unafukuzwa. Kimbia kama mtu anayefurahia miguu yake.

Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kwenda kasi mno siku za kawaida. Kipimo ni mdomo wako: unapaswa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, umezidisha. Ukikimbia na rafiki, pigeni soga. Soga ikikatika, punguzeni. Mapafu na moyo huzoea haraka, kano na mifupa huchelewa, na wengi huumia katika kipindi hicho ambacho pumzi imeshakubali lakini mguu bado. Maumivu ya misuli pande zote mbili yanayoisha kesho kutwa ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja yanayokuzidi kila siku, au yanayokufanya uchechemee, ni amri ya kupumzika.

Kuhusu ile raha inayokuja baada ya kukimbia, siku nyingi iliaminika kuwa inatokana na endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Shida ni kwamba endofini zilizo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia ubongoni, kwa hiyo watafiti siku hizi wanaziangalia zaidi endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili huzitengeneza wenyewe na ambazo hupenya. Vyovyote iwavyo, anayekimbia hadi kutaka kutapika kila jioni haionji. Ijue raha hiyo mazoezini, kwa mwendo wa soga, uipeleke mbioni ukiwa unaifahamu.

Hatua ya 4: Jikadirie muda wako kwa ukweli

Wiki ya saba, nenda mahali tambarare ulipopima kilomita 3, ukimbie kwa kujituma bila kujimaliza. Andika muda.

Kuna kanuni ya zamani ya mhandisi Mmarekani Peter Riegel ambayo wakimbiaji huitumia kukisia. Ukizidisha umbali mara mbili, muda hauzidi mara mbili tu, unazidi karibu mara 2.085, kwa sababu mtu huchoka. Kwa mfano, aliyetumia dakika 18 kwa kilomita 3 atarajie karibu dakika 31 kwa kilomita 5. Anayemaliza kilomita 5 kwa dakika 30 atarajie kilomita 10 kwa dakika 62 na nusu hivi, endapo amejiandaa kwa umbali huo. Huo ni ubashiri, si ahadi. Lakini unakulinda na lile gonjwa la kujipangia muda uliousikia kwa mwenzako.

Ukishapata makadirio, yageuze kuwa mwendo wa kilomita moja. Dakika 30 kwa kilomita 5 ni dakika 6 kwa kila kilomita. Ukariri. Siku ya mbio akili haigawanyi hesabu.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho na asubuhi yenyewe

Wiki ya mwisho punguza mazoezi hadi nusu. Utajisikia una nguvu na utatamani kujijaribu. Usijaribu. Hakuna nguvu mpya inayopatikana ndani ya siku tano, ila uchovu unapatikana.

Sheria ya siku yenyewe ni moja: pasiwe na kigeni. Viatu vile ulivyofanyia mazoezi, soksi zilezile, chakula ambacho tumbo lako linakijua, ukile saa mbili au tatu kabla. Bandika namba yako usiku, kwa pini nne, kila pembe moja, isije ikapepea. Fika saa nzima mapema kwa sababu foleni ya choo ndiyo mbio ngumu kuliko zote. Tembea, kimbia taratibu dakika kumi, fanya miruko michache, halafu kajipange mstarini kulingana na kasi yako. Wa mwendo wa polepole anayejipanga mbele kabisa hujifanya ukuta, na wenye kasi humpita kwa viwiko.

Hatua ya 6: Kimbia

Hapa ndipo penye mambo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 1898 mwanasaikolojia Mmarekani Norman Triplett alichapisha uchunguzi ulioanza na jambo alilolikuta kwenye rekodi za mbio za baiskeli: waendeshaji walikwenda kasi zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokimbia na saa peke yao. Akawachukua watoto 40, akawapa vigurudumu vya kuzungushia uzi wa ndoana, mara peke yao, mara wakishindana. Nusu yao waliongeza kasi mbele ya mshindani. Robo hawakubadilika sana. Robo iliyobaki walivurugika, mikono ikakakamaa kwa papara, wakaenda polepole kuliko walivyokuwa peke yao.

Ukisimama mstarini, makundi yote matatu yako ndani yako. Umati utakusukuma, na hiyo ni zawadi ya bure, kasi ambayo mazoezini hukuwa nayo. Lakini ukiipokea yote katika dakika mbili za kwanza, umejiunga na ile robo ya mwisho. Wahenga walishalimaliza hili waliposema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi ukingo wangu naujua: ni kilomita ya tatu. Mbio zangu za kwanza nilikata kilomita ya mwanzo kwa kasi ya watu waliokuwa wamenizidi mwaka mzima wa mazoezi, nikajiona shujaa, na kilomita ya nne mama mmoja aliyekuwa akitembea kwa kasi alinipita akanipa pole. Pole ile bado naisikia.

Kwa hiyo kilomita ya kwanza ikimbie ukijihisi unajizuia. Kwa anayelenga dakika 30, mpango unaweza kuwa hivi: ya kwanza 6:10, ya pili 6:05, ya tatu 6:00, ya nne 6:00, ya mwisho 5:45. Jumla ni dakika 30 kamili. Mabingwa nao hufanya hivyo. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, saa 2:00:35, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47. Ukiwa na akiba mwishoni utawapita watu, na kuwapita watu kilomita ya tano kunatia nguvu kuliko maji. Wakati ule watu wanakupita wewe ndipo utakapojua kwa nini naandika hivi.

Kilomita ya tatu ndiyo ya upweke. Shangwe za mwanzo zimeisha, za mwisho hazijaanza kusikika, na kichwani sauti inauliza ulikuja kufanya nini hapa. Usibishane nayo. Ipe kazi. Chagua mgongo wa mtu aliye mita 20 mbele anayekwenda kama wewe, usogee taratibu hadi umfikie, kisha tafuta mwingine. Au hesabu pumzi hadi mia, anza upya. Au, na hii naipenda zaidi, msemeshe aliye pembeni yako neno moja: "Twende." Watu wengi watajibu kwa kuongeza mwendo. Nimepata marafiki wawili wa kudumu kwa neno hilo, ambao majina yao niliyajua baada ya mstari wa mwisho.

Maji: kwa kilomita 5 wengi hawahitaji kunywa njiani, labda kukiwa na joto kali. Mbio zikizidi saa moja, kunywa kiu ikikuelekeza. Kuna watu hunywa kila kituo kwa woga, na katika mbio ndefu kunywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu hadi hatari. Joto likiwa kali, lengo la kwanza liweke mfukoni, shuka la pili. Na ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au baridi ya ghafla wakati wengine wanatoka jasho, simama, muite mhudumu. Hapo huachi mbio, unatumia akili.

Mita 400 za mwisho fanya upendavyo. Ila vuka mstari ukiwa umenyanyua uso. Wengi huinama kuzima saa mkononi, na picha inawatoa utosi.

Hatua ya 7: Usiondoke

Watu wengi huvuka mstari, huchukua medali kama ipo, hunywa maji, huyoo. Wanaacha nusu ya mavuno shambani.

Tembea dakika tano hadi kumi ili damu isijikusanye miguuni ukaanguka, vaa nguo kavu, halafu rudi kwenye ukamba, mita 50 kabla ya mstari wa mwisho, ukawapigie makofi wanaokuja. Kaa hadi wa mwisho. Utaona nyuso ambazo mbele hazionekani: mzee anayetembea kwa fimbo, kijana mnene aliyeanza na dakika mbili mbili kama wewe, mama aliyebeba namba ya mtoto aliyechoka njiani. Wanaomaliza mwisho wamekaa barabarani muda mrefu kuliko mshindi, na jua lao lilikuwa kali zaidi.

Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watu wengi wameshaondoka, aliingia uwanjani Mtanzania John Stephen Akhwari, goti limefungwa bendeji baada ya kuanguka, akimalizia wa 57, wa mwisho kati ya waliofika. Walianza 75. Waliobaki viti vyao usiku ule ndio walioiona, na leo ukiwauliza watu kuhusu mbio zile wengi watakutajia yeye kabla ya aliyechukua dhahabu.

Ukiwa pale ukambani mtafute yule uliyekimbia nyuma ya mgongo wake. Mwambie, "Ulinivuta, asante." Hajui kama alikuvuta. Mara nyingi naye atakuambia alikuwa anasikia nyayo zako na ndizo zilizomzuia kutembea. Hivyo ndivyo makundi ya mazoezi yanavyozaliwa, kuliko kwa matangazo.

Hatua ya 8: Fungua daftari jioni ileile

Hapa ndipo kipimo kinapogeuka kuwa mali yako. Usisubiri kesho, kumbukumbu ya mwili hufifia haraka. Andika muda, hali ya hewa, ulilala saa ngapi, kilomita ipi ilikuwa ngumu, ulichofikiri pale, na kitu kimoja ulichokifanya vizuri. Hiki cha mwisho ni lazima hata kama unajionea aibu.

Kwenye matokeo unaweza kukuta nyakati mbili. Moja huanza mlio wa kuanzia unapolia, nyingine huanza chipu yako, kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye namba au kiatu, inapovuka mstari. Kama ulijipanga nyuma, zinaweza kutofautiana dakika nzima. Nafasi za washindi kwa kawaida hufuata ya kwanza. Wewe fuata ya pili, ndiyo yako. Na saa yako ikikuambia ulikimbia kilomita 5.08, usikimbilie kulalamika kwamba waandaaji hawajui kupima. Hukufuata mstari mfupi, ulizunguka watu na ulipiga kona kwa nje, na saa yenyewe hukisia. Njia ikiwa imepimwa rasmi, amini njia.

Usijilinganishe na orodha nzima. Jilinganishe kwanza na wewe wa mbio zilizopita kwenye umbali uleule, pili na umri wako. Riadha ya wakongwe huanza miaka 35 na kugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo aliye na miaka 52 yumo katika kundi la 50 hadi 54. Yapo pia majedwali ya asilimia za umri, ambayo huulinganisha muda wako na ule bora kabisa wa watu wa umri na jinsia yako. Uzuri wake ni huu: ukifika miaka ambayo dakika zimeanza kuongezeka zenyewe, asilimia bado inaweza kupanda. Namfahamu mzee ambaye kwa miaka sita amekuwa akipunguza kasi na kuboresha asilimia, na kila mbio anarudi na tabasamu la mwizi.

Siku mbili tatu baada ya mbio unaweza kuhisi unyonge usio na sababu. Tarehe uliyokuwa unaiishi imepita, ndani pamebaki patupu. Wengi hukosea hapo kwa kujiandikisha mbio nyingine usiku uleule, halafu nyingine, hadi kila mwisho wa wiki una namba. Kipimo kikitumiwa kila wiki hakipimi kitu, na mwili haupati nafasi ya kujenga. Pumzika siku tatu, tembea, kimbia taratibu wiki moja. Kisha fungua daftari, usome ulichoandika, ndipo uchague. Kwa kilomita 5, mara moja kwa mwezi inatosha mtu wa kawaida. Nusu marathoni mara mbili tatu kwa mwaka.

Na kama hukumaliza? Andika hivyohivyo: nilisimama kilomita ya 4, sababu hii. Ukurasa wa namna hiyo ninao mmoja, na ndio ninaousoma mara nyingi kuliko mingine yote.

Hatua ya 9: Kaa upande wa pili

Baada ya mbio tatu au nne, moja usikimbie. Jitolee. Tarehe 2 Oktoba 2004 watu 13 walikusanyika Bushy Park, London, kukimbia kilomita 5 kwa wito wa Paul Sinton-Hewitt. Yeye mwenyewe hakukimbia. Alikuwa ameumia na alitaka tu asipoteze kuonana na wenzake. Akasimama na saa. Leo mkusanyiko ule, parkrun, unafanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi, na unaendeshwa na watu wa kujitolea.

Ukiwa mhudumu utaona mbio kama zilivyo, kuanzia wa kwanza anayepita bila kukuona hadi wa mwisho anayesimama kukushukuru. Utajifunza pia mambo madogo yatakayokufaa siku yako: jinsi wazoefu wanavyoingia kona, jinsi mtu aliyeanza kasi mno anavyoonekana begani kilomita mbili kabla ya kukata pumzi.

Fika saa moja kabla, vaa viatu imara, chukua kofia. Ukipewa meza ya maji, jaza vikombe nusu tu. Shika kimoja kwa ncha za vidole, kwa juu, mkono umenyooka pembeni, usisukume wala usimfukuze mkimbiaji. Mtazame machoni akiwa bado mbali, ajue ni chake. Atakipokea mwenyewe akipita.